Bembea ibaki, bango libadilike

Swali: "Ninamiliki baa Tabata, niliyoachiwa na marehemu baba. Miaka miwili iliyopita niliweka bembea na matairi ya kuchezea chini ya mwembe, nikaandika bangoni 'Baa ya Familia'. Jumapili watu wanajaa na watoto wao, ila maneno hayaishi. Mama mmoja ninayesali naye anasema ndipo mahali pekee anapoweza kutoka na wanawe bila presha. Mzee mmoja, mteja tangu enzi za baba, anasema nimegeuza baa kuwa chekechea. Jirani wa nyuma anasema tunalea watoto wa watu kwenye ulevi na muziki wetu haumpi usingizi. Mwingine kaandika mtandaoni kwamba nyama inachelewa na choo hakifai kwa mtoto. Na mdogo wangu wa kiume anataka tung'oe bembea tuweke meza ya puli. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, kabla hujamsikiliza yeyote, kamuulize kila mmoja wao swali moja tu: huwa unakuja saa ngapi?

Nilianza kazi hizi kama mhudumu Sinza, nikahamia kaunta, nikawa meneja, na siku hizi ninalipwa kukaa kwenye baa za watu na daftari mkononi. Kitu kilichonichukua miaka kukielewa ni kwamba baa moja ni baa tatu. Ile ya saa 8 mchana Jumapili ina akina mama waliotoka ibadani na watoto ambao bado wamevaa viatu vya kanisani. Ya saa 12 jioni ina mpira kwenye runinga na akina baba waliofika bia ya tatu. Ya saa 3 usiku ina singeli na watu wanaodaiana. Mama unayesali naye anaisifia ile ya kwanza. Mzee wako analalamikia ya pili, kwa sababu ndipo anapofika akakuta kiti chake cha siku zote kina mtoto amelala. Jirani anaisikia ya tatu akiwa kitandani. Hao watu hawabishani, dada. Kila mmoja anasema kweli kuhusu saa yake.

Kwa hiyo usinitumie swali la nani mkweli. Swali lako ni saa ngapi baa ya kwanza inafungwa ili ya pili ifunguliwe. Kwa sasa kwako hazifungwi, zinamwagikiana tu kama mchuzi kwenye sahani isiyo na kingo.

Ngoja nikupe nilichokiona mwenyewe kwenye baa moja, si yako, ila ungeapa ni yako. Saa 8:10 mchana familia ya watu wazima wawili na watoto watatu ikaagiza kilo moja ya mbuzi na chipsi sahani mbili za watoto. Chipsi zilikuwa tayari ndani ya robo saa. Niliziona zimekaa dirishani pa jikoni, zimefunikwa na sahani nyingine, zikinywea. Mhudumu alikuwa anasubiri nyama iive ili apeleke vyote kwa mkupuo mmoja. Vilifika mezani saa 9:25. Katika hiyo saa na robo wale watoto walikunywa soda mbili mbili, wakamaliza bembea, wakaanza kukimbizana katikati ya meza, na yule mdogo, wa miaka minne hivi, nikamuona amesimama hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa, anaangalia cheche. Baba yake alikuwa kwenye bia ya tatu. Meza ya pili wakaanza kunung'unika kuhusu watoto wasio na adabu. Ukitaka kujua "huduma mbovu" na "chekechea" vinazaliwa wapi, vilizaliwa pale, kwa mama mmoja, na mama mwenyewe ni ile sahani ya chipsi iliyofunikwa.

Nyama choma ni chakula cha mtu mzima mwenye muda. Mbuzi aliyechomwa vizuri kwa moto wa mkaa usio na haraka hawezi kutoka kwa dakika 20, na ukimharakisha unampa mteja nyama nyeusi nje na mbichi ndani. Usijaribu kuiharakisha. Sema muda wake. "Mama, mbuzi ni dakika 50, watoto niwaletee chipsi mayai sasa hivi?" Sentensi hiyo wafundishe wahudumu wote mpaka waiote. Sahani ya mtoto itoke kwanza, peke yake, hata kama watu wazima watakaa wanaangalia. Mishikaki, ndizi za kuchoma, chipsi, yai, vitu vya kushika kwa mkono. Mtoto aliyeshiba anakaa chini. Mtoto mwenye njaa na soda mbili tumboni ni ndege isiyo na rubani.

Na mizani iwekwe mbele ya watu. Kilo unayouza inapimwa mbichi, na ikishachomwa inapungua robo au zaidi kwa sababu maji na mafuta vinaondoka. Wewe unalijua hilo, mteja wa kila wiki analijua, ila baba wa familia anayekuja mara moja kwa mwezi anaona sahani ndogo na anahisi kaibiwa mbele ya mke wake. Mpimie nyama akiwa anaona. Kelele za mtandaoni nyingi za bei ninazozisoma zinaanzia hapo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo lingenikosesha usingizi kama ningekuwa wewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamkataza mmiliki au msimamizi wa baa au klabu ya usiku kumruhusu mtoto kuingia humo, na inakataza kumuuzia mtoto kileo. Mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Najua utaniambia kila baa ya Dar Jumapili ina watoto. Ni kweli. Na kila daladala inajaza. Siku mtoto akiumia kwako, au jirani yako akichoka kulalamika kwa mdomo akaenda kuandika barua, hakuna atakayekuuliza habari za baa nyingine. Bango lako lenyewe litakuwa ushahidi: umeandika kwa herufi kubwa kwamba ni baa na kwamba watoto wanakaribishwa.

Kwa hiyo bango lishuke wiki hii. Sisemi upake rangi jina tu na kuendelea kama kawaida, ingawa najua ndivyo watakavyokushauri wengi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inatenganisha leseni ya baa na leseni ya mgahawa unaouza kinywaji pamoja na chakula, na tofauti hiyo si ya maneno. Chukua karatasi, chora eneo lako: kaunta iko wapi, jiko liko wapi, mwembe uko wapi, geti liko wapi. Nenda nayo kwa ofisa biashara wa Halmashauri ya Jiji (ninyi wa Tabata mlikuwa Manispaa ya Ilala hadi mwaka 2021, wapo wanaoendelea kwenda na barua zenye jina la zamani) umuulize bustani ya chakula yenye geti lake inaweza kupewa leseni gani, na kaunta ibaki na leseni gani. Akikujibu, mwombe aandike. Jibu la mdomo la ofisini huhama pamoja na aliyelitoa.

Mchoro huo utakusaidia hata kabla ya leseni. Kwa maelezo yako nahisi bembea iko njia ya kwenda kaunta, kwa sababu mwembe ndio umekaa katikati na baba yako alijenga akiuzunguka. Basi kaunta igeuzwe mgongo. Ukuta wa matofali hadi kifuani, au hata uzio wa mianzi uliosukwa vizuri, bustani upande mmoja na wanywaji upande wa pili, kila upande na mlango wake. Mtoto asipite kaunta hata akienda chooni.

Na asitumwe bia. Hili nasema kwa sauti. Nimewahi kumuona mtoto wa kiume wa miaka kama minane anatoka kaunta amekumbatia chupa mbili kifuani, noti ya chenji ameibana kwa meno, na watu wanacheka kwamba dogo ana akili. Mhudumu wa kaunta aliyempa zile chupa ameshavunja sheria, na wewe pamoja naye, hata kama baba mwenyewe alimtuma na yuko mita kumi pale. Mwambie mtu wa kaunta kwamba jibu ni moja: "Rudi ukakae, mhudumu anakuja."

Turudi kwenye saa. Ushauri wangu ni bustani ya watoto ifungwe saa 12 jioni, kila siku, bila kujali nani anabembeleza. Sababu si giza wala mbu peke yake. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za alkoholi, na mwili wa mtu mzima unaondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani bia moja inahitaji saa mbili au zaidi. Baba aliyeanza saa 8 mchana na akanywa moja kila saa, ikifika saa 12 ana mzigo wa bia mbili au zaidi ambazo mwili wake haujazigusa. Yeye anajiona yuko fiti. Lakini ndiye unayemtegemea amwangalie mtoto kwenye bembea, na ndiye atakayempakia mbele kwenye bodaboda kurudi Segerea. Wewe huwezi kumhesabia bia mtu mzima, ila unaweza kufunga bembea kwa mnyororo na kufuli saa 12 kamili, na mhudumu akapita na bili. Familia zitanuna wiki mbili za kwanza. Ya tatu zitaanza kuja mapema.

Siku za mpira iwe kali zaidi. Mechi za Uingereza za Jumamosi zinaanza huku kwetu saa 11 au saa 12 jioni kutegemea msimu wa saa zao, na hapo lugha ya mezani inabadilika yenyewe. Siku ya Simba na Yanga usijidanganye kabisa, funga bustani siku nzima, uza viti. Hata mama unayesali naye hatakuja na watoto siku hiyo, na akija atakuwa na jezi na hutomtambua.

Jirani yako wa nyuma ana haki kuliko unavyotaka kukubali. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015 ziko chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, na usiku viwango vya eneo la makazi vinashuka. Mwaka 2023 NEMC walifungia baa kadhaa Dar es Salaam kwa sababu hiyo hiyo, nyingine zikiwa na majina makubwa kuliko la kwako. Lakini nafuu unayo, na haihitaji kuzima muziki. Nina hakika una spika mbili kubwa ukutani, zimeelekezwa nje. Hizo unazifungulia kwa nguvu ili meza ya mwisho isikie, na meza ya kwanza inaumia, na jirani anapata zote. Zitoe. Weka spika ndogo sita, kila moja juu ya meza mbili tatu, zielekezwe chini. Kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6 kwenye eneo la wazi, kwa hiyo spika ndogo iliyo karibu na sikio la mteja inafika kwa jirani ikiwa imechoka. Besi punguza hata kama DJ atalia. Besi ndiyo inayopita kwenye ukuta wa tofali na kumtikisia mtu kitanda, sauti ya muimbaji hata haifiki. Halafu nenda kwa jirani saa 4 usiku, ukae sebuleni kwake dakika kumi, usikilize. Wateja wangu wengi nikiwaambia hili wanacheka. Waliokwenda hawakucheka waliporudi.

Neno lake la pili, la kulea watoto kwenye ulevi, sitalitupa. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba iliyokuwa na kilabu cha pombe uani na sijakuwa mlevi, lakini nimeona pia mtoto anayejua majina ya bia zote kabla ya kujua kusoma. Kumuona baba anakunywa bia mbili na kula na kuondoka ni jambo moja. Kumsubiri baba mpaka saa 4 usiku, umelala kwenye viti viwili vya plastiki vilivyounganishwa, umefunikwa kanga ya mama, ni jambo lingine kabisa, na hilo ndilo jirani anaona kupitia ukuta wake. Ukifunga saa 12 nusu ya hoja yake inakufa.

Mzee wa enzi za baba mpe kiti chake. Sisemi kwa mzaha. Upande wa kaunta, kona anayoipenda, kiandikwe hata jina lake la utani mgongoni. Mteja wa aina hiyo haachi hela nyingi kwa siku moja lakini yupo Jumanne ya mvua ya masika wakati familia zote ziko nyumbani. Familia zinakupa Jumapili. Jumanne unaishi kwa wazee.

Choo sina la kusema refu: aliyeandika yuko sahihi, nenda ukakiangalie ukiwa umechuchumaa kwa urefu wa mtoto wa miaka mitano. Sinki anafika? Sabuni anafika? Mlango anaweza kufungua akiwa peke yake? Kuna mlevi anayejisaidia mlango wazi? Kimoja kiwe cha wanawake na watoto tu, mhudumu akipitie kila nusu saa Jumapili.

Matairi yatoboe. Tairi lililokaa limelala linaweka maji ya mvua ndani, na mbu wa dengi anazaliana humo humo na kuuma mchana, tofauti na yule wa malaria wa usiku. Dar tulipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na watoto wako wanacheza mchana. Matundu manne chini ya kila tairi, kazi ya saa moja kwa fundi mwenye drili. Chini ya bembea ondoa zege kama lipo, mwaga mchanga laini wa kina cha sentimita 30 hivi, na uuchimbue kila wiki maana unashindiliwa ukawa kama sakafu. Vipande vya chupa vitakuwemo. Mtu achekeche kabla ya kufungua, kila Jumapili asubuhi.

Halafu kuna maoni ambayo hukuyaandika, na nadhani ni kwa sababu wenye nayo hawaji kukwambia. Una kitimoto, yaani nyama ya nguruwe? Kama ipo na inachomwa kwenye wavu ule ule wa mbuzi, umefunga mlango kwa familia nyingi za Kiislamu za mtaani ambazo zingekuja kula mbuzi na kunywa soda mchana. Wao hawatakulalamikia. Watapita tu nje. Jiko la kitimoto liwe mbali, upande wa kaunta, upepo ukiutoa moshi nje, lenye wavu wake, kisu chake, gogo lake la kukatia, sahani za rangi nyingine na mchomaji wake. Na mbuzi anunuliwe kwa mchinjaji anayejulikana. Wapo ambao hata hivyo hawataingia mahali panapouzwa pombe, na hao waheshimu walivyo, usiwafukuzie kwa matangazo. Kuna baa moja ilitenganisha majiko namna hiyo, na wateja wapya wa kwanza walikuwa walimu wa shule ya jirani, waliokuwa wakipita pale kila siku kwa miaka.

Kuhusu mdogo wako. Mwambie apime. Meza ya puli, hata ile ndogo ya baa, ukiihesabu pamoja na nafasi ya mtu kuvuta fimbo nyuma bila kumchoma mwenzake mbavuni, inataka eneo la karibu mita 4 kwa 5, tena tambarare na lenye paa. Chini ya mwembe hakuna paa. Masika ya Machi hadi Mei italowesha kitambaa, na kuanzia Novemba mwembe wa baba yenu utaanza kudondosha maembe juu yake. Kama anaitaka kweli, aiweke upande wa kaunta, karibu na kiti cha mzee, na yeye ndiye amuombe mzee ruhusa.